Asiye na Kosa Hasamehewi: Sadaka ya Mchezo kwa Watoto Wenye Ulemavu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo tunaomba ruhusa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukisomesha katika madrasa moja, tulikuwa na mwanafunzi ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. Kila alasiri kaka yake alimleta akiwa amembeba mgongoni. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, na sauti yake ilipendeza. Lakini kila darsa ilipokwisha na wenzake wakakimbilia uwanjani, sisi tulimwambia: “Wewe tumekusamehe, kaa hapa barazani upumzike.” Tuliona kwamba tunamhurumia. Siku moja alituuliza, kwa adabu zote: “Maalim, kwani mimi nimekosa nini hata nisamehewe kila siku?”

Hatukuwa na jibu. Tulimpapasa kichwa, tukatabasamu, tukaendelea na shughuli zetu. Swali lile halikuondoka. Limeturudia tena hivi karibuni, tulipokuwa tukisoma habari za jumuiya moja ya hisani ya huko Uingereza ambayo, kwa miaka mingi, imefanya kazi ya kuwaingiza uwanjani watoto ambao wengine waliwaacha barazani. Jumuiya hiyo inaitwa Lord's Taverners, na mchezo wake ni kriketi.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu hawaujui vyema mchezo huu. Wengi wameuona tu kwa mbali, ukichezwa na ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi katika miji yetu, au walisikia habari zake mwaka 2003, pale timu ya Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kwa ufupi, mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwingine hujaribu kuupiga kwa gongo bapa kabla haujaviangusha vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake. Akiupiga vizuri hukimbia kujipatia alama, na wapinzani waliotawanyika uwanjani hujaribu kuudaka mpira ili wamtoe. Ni mchezo wa mbio, nguvu na macho makali. Mtu akitakiwa kutaja mchezo unaomfaa mtoto asiyeweza kutembea, kriketi isingekuwa ya kwanza kumjia kichwani.

Uwanja mashuhuri kuliko yote ya mchezo huo uko London, nao huitwa Lord's. Jina hilo halitokani na cheo cha kibwana wala utukufu wa kidini. Linatokana na mfanyabiashara aliyeuanzisha, Thomas Lord, na hapo ulipo sasa umekuwapo tangu mwaka 1814. Kando ya uwanja huo palikuwa na baa iliyoitwa Tavern, ambako watazamaji walisimama wakiangalia mchezo. Mwezi Julai mwaka 1950, kundi la waigizaji wa michezo ya kuigiza na sinema, waliozoea kukutana hapo, likiongozwa na mwigizaji Martin Boddey, liliamua kwamba mapenzi yao kwa kriketi yazae jambo la manufaa kwa wengine. Wakaunda jumuiya ya kuchangisha fedha, wakajiita kwa jina la mahali walipokuwa wakisimama. Rais wao wa kwanza alikuwa mwigizaji John Mills. Mumewe Malkia Elizabeth, Mwanamfalme Philip, aliyefariki mwaka 2021, alikubali kuwa mlezi wao, nao wakampa cheo cha mchezaji wa kumi na mbili. Katika kriketi timu ina wachezaji kumi na mmoja. Huyo wa kumi na mbili hakai uwanjani kupiga wala kurusha. Huwapelekea wenzake maji, na huingia kushika nafasi ya mdakaji aliyeumia. Ni cheo cha mtumishi, na hakuona haya kukipokea.

Hapa tunajua fika kwamba baadhi ya wasomaji wetu wamekwisha kukunja uso. Watasema: “Sheikh, leo umetuletea mafunzo kutoka baa?” Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Hatuji kuwasifia pombe, na hatusemi kwamba kila njia ya kuchangisha fedha inayotumiwa na watu wa huko inafaa kwetu. Lakini tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano yaliyojulikana kama Hilful-Fudhul, yaliyofungwa katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an mjini Makka, ya kumtetea mwenye kudhulumiwa. Waliokula kiapo hicho walikuwa watu wa zama za ujahilia. Hata hivyo, baada ya kuja Uislamu, Mtume aliyataja mapatano yale kwa wema, na akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Basi wema haukataliwi kwa sababu ya mlango uliotokea. Linalotupasa ni kuuchukua wema wenyewe, na kuuacha mlango mahali pake.

Je, wema wenyewe ni upi? Mwanzoni, fedha za jumuiya hiyo zilikwenda katika chama cha kitaifa cha viwanja vya michezo, ambacho Mwanamfalme Philip alikuwa rais wake, ili watoto wa mijini wapate mahali pa kuchezea. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini la kawaida. Baadaye waligundua kwamba uwanja peke yake hautoshi. Kuna mtoto ambaye uwanja uko mtaa wa pili tu, na kwake ni mbali kama nchi nyingine, kwa sababu hana namna ya kuufikia. Tangu miaka ya 1970 wakaanza kutoa mabasi madogo kwa shule na vituo vya watoto wenye ulemavu, mabasi yenye lifti ya kupandishia kiti cha magurudumu. Hadi sasa wamekwisha kutoa mamia kwa mamia ya mabasi hayo.

Tunaomba msomaji atafakari juu ya basi hilo. Wafadhili wangeweza kugawa mipira na fulana, wakapiga picha, wakaenda zao. Lakini mpira hauna faida kwa mtoto aliyefungiwa chumbani. Waliotoa basi walijiuliza kwanza: “Ni kitu gani hasa kinachomzuia huyu?” Jibu likawa ni barabara, ngazi na mlango wa gari, wala halikuwa mwili wake. Wakaanza na mlango.

Hatua ya pili ndiyo iliyotugusa zaidi. Ni mchezo unaoitwa kriketi ya mezani, uliobuniwa na Doug Williamson wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, na ambao Lord's Taverners wameusimamia na kuueneza mashuleni. Aliyeubuni hakuketi kusubiri mtoto apone ndipo acheze. Aliuchukua uwanja mzima akauweka juu ya meza, ile ile meza ya kawaida ya mpira wa meza. Pembezoni huzungushiwa vibao, na juu yake kuna vidakio vinavyoteleza, ambavyo wachezaji huvisogeza huku na huku kuziba njia ya mpira, mfano wa wadakaji waliotawanyika uwanjani. Mrushaji huuachia mpira uteremke kutoka katika kijimteremko maalumu, kwa hiyo hata mwenye mkono usio na nguvu anaweza kurusha. Upo pia mpira uliowekwa uzito upande mmoja, ili upinde njia na kumhadaa mpigaji, kama wanavyofanya mafundi wa mchezo wenyewe. Mpigaji ana gongo dogo la kiganjani. Mpira ukipenya hadi ubaoni anapata alama, na ukinaswa na kidakio anatoka. Kila timu ina wachezaji sita.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mkono wake hutii mara moja na kuasi mara mbili, huketi hapo akiwa mchezaji kamili. Shule hushindana na shule, mkoa na mkoa, na fainali ya taifa imekuwa ikifanyika Lord's kwenyewe, katika uwanja ule ule ambao mabingwa wa dunia huota kuingia. Kisha katika miaka ya 2010 jumuiya hiyo ikaanzisha mpango mwingine uitwao Super 1s, kwa vijana wenye ulemavu wa miaka 12 hadi 25. Vijana hao hufanya mazoezi ya mara kwa mara chini ya walimu, bila malipo, na hushindana wao kwa wao.

Sasa tuangalie siri ya jambo hili, maana hapo ndipo penye funzo. Kilichobadilishwa ni meza, gongo na njia ya kurusha mpira. Ushindani haukuguswa. Mtoto akikosea anatoka, na timu yake ikizidiwa inashindwa. Hakuna anayempa alama za bure kwa sababu anakalia kiti cha magurudumu. Huenda mtu akaona huo ni ukatili. Sisi twaona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mtu anayeshindishwa kwa huruma ameambiwa, kwa lugha laini, kwamba hahesabiwi. Anayeruhusiwa kushindwa ndiye aliyeruhusiwa kushinda.

Na jambo hili si la Waingereza peke yao, wala halikuanzia kwa matajiri. Kriketi ya wasioona ilianza mjini Melbourne, Australia, mwaka 1922, kwa wafanyakazi wawili wa kiwandani wasioona waliotia vijiwe katika kopo na kulifanya mpira. Hadi leo mpira wao hutoa sauti ili usikike unakokuja. Mrushaji humwuliza kwanza mpigaji kama yuko tayari, na hutoa sauti tena anapouachia. Kombe la Dunia la mchezo huo lilianza mwaka 1998 nchini India, na mwaka 2002 na 2006 bingwa alikuwa Pakistan. Mashujaa wale waliopokewa na taifa la Kiislamu ni watu ambao katika mitaa mingi tungewakuta kando ya njia, wamenyoosha mkono.

Ndugu msomaji, dini yetu haikuhitaji kusubiri mwaka 1950 wala 1922 ili kulijua jambo hili. Sahaba Abdallah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Imepokewa kwamba kipofu mmoja, ambaye wanazuoni wengi husema ndiye yeye, alimwendea Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba hana wa kumwongoza hadi msikitini, akaomba ruhusa ya kusali nyumbani. Mtume akampa ruhusa. Alipogeuka kwenda zake akamwita, akamwuliza kama huisikia adhana. Alipojibu kwamba huisikia, Mtume akamtaka aitikie. Wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu hukumu ya hadithi hii na udhuru wa sala ya jamaa, na hapa sipo mahali pake. Tunachotaka kukionyesha ni kule kuitwa tena. Alikwisha kuondoka na ruhusa yake, akarejeshwa katika safu. Na Ibn Ummi Maktum huyu huyu alikuwa mwadhini wa Mtume, na zaidi ya mara moja aliachiwa usimamizi wa mji wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Kipofu alipewa mji mzima. Sisi tulimnyima mtoto uwanja wa vumbi.

Tunajua pia hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ile ya baa. Mtu atasema: “Walemavu wetu hawana chakula, hawana dawa wala viti vya magurudumu, nawe unazungumzia mchezo? Sadaka ya michezo si anasa ya nchi tajiri?” Hatuidharau hoja hii. Mwenye njaa alishwe kwanza, na mgonjwa atibiwe. Lakini tujihoji kwa uaminifu: yule mtoto wetu wa mjini ambaye ana chakula na ana wazazi wanaompenda, naye tumempa nini? Mara nyingi tumempa kitanda na dirisha. Wazazi humficha kwa kuona haya, au humlinda kwa kupenda, na matokeo yake ni yale yale. Hana rafiki, hajui kugombana wala kupatana, hajawahi kusubiri zamu yake wala kushangiliwa. Anafika utu uzima akijua jambo moja tu, kupokea. Kisha jamii hiyo hiyo inamlaumu kwa kuomba.

Mchezo ni darasa la mambo hayo yote. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza jinsi Wahabeshi walivyocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye akitazama nyuma ya Mtume (S.A.W.), ambaye alimsitiri na kumwacha atazame hadi alipotosheka. Ikiwa furaha ya halali ilipewa nafasi msikitini, nani aliyetupa sisi mamlaka ya kuamua kwamba furaha si hitaji la mwenye ulemavu? Hata mataifa ya dunia yamelikiri hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja wazi haki yao ya kushiriki katika michezo na burudani. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tumekwisha kuweka sahihi. Bado kuweka meza.

Na meza haihitaji utajiri. Hatusemi kila madrasa iagize vifaa kutoka London, wala hatusemi lazima iwe kriketi. Tunasema tuige lile swali la wenye basi: ni kitu gani hasa kinachomzuia huyu? Pengine ni ngazi tatu za mlango wa madrasa, na fundi mmoja na mfuko wa saruji vinaweza kujenga mteremko kando yake kwa siku mbili. Pengine ni usafiri, na kamati ya msikiti inaweza kulipa bajaji ya Jumamosi kwa watoto wanne. Pengine ni mpira usioonekana, na njuga chache zikitiwa ndani yake zitausikilizisha. Pengine ni sheria ya mchezo iliyowekwa na wenye miguu, nayo inaweza kubadilishwa kwa dakika tano za mazungumzo, mradi mwenye ulemavu awe wa kwanza kuulizwa. Waigizaji wale wa mwaka 1950 hawakuwa madaktari wala mawaziri. Walikuwa watu waliopenda mchezo mmoja, wakaona vibaya kuupenda peke yao.

Leo tukitoka katika sala ya Ijumaa, tutawakuta mlangoni ndugu zetu waliokaa chini, na tutatia mkono mfukoni. Hilo ni jema, tuendelee nalo. Lakini tusilifanye kuwa ndilo deni lote tulilo nalo kwao. Sarafu humfikia mtu pale alipo na humwacha pale pale. Sadaka iliyo bora zaidi humwondoa mlangoni ikamwingiza ndani: ndani ya safu, ndani ya darasa, ndani ya timu. Tunatoa wito kwa maimamu wenzetu, walimu wa madrasa na kamati za misikiti: kabla Ramadhani nyingine haijafika, kila mmoja ahesabu watoto wenye ulemavu walio katika mtaa wake, na ajiulize ni wangapi kati yao aliowahi kuwaona wakitoka jasho la mchezo.

Mwanafunzi wetu yule sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto. Tulikutana naye miaka michache iliyopita katika maziko, amekaa juu ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Tulimkumbusha swali lake la zamani, tukamwomba radhi. Alicheka sana, akatushika mkono, akasema: “Mimi nimekusamehe, Maalim. Lakini hao walioko madrasa sasa, msiwasamehe.”

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona tuliowaacha barazani, na atupe mikono ya kuwafungulia njia, na atughufirie tulipodhani tunahurumia kumbe tunadhulumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.